Cucu alivyobeba mandazi kwenda Pasaka ya Wayahudi Kerugoya

Wakuu, salamu kutoka Skuta, ambako baridi ya leo imetufungia ndani. Hii story sikusimuliwa. Nilikuwa hapo, na aliyenusurika kukosa mke ni mimi.

Nimelelewa na cucu yangu, mama ya baba, huko Giakanja. Amepita miaka themanini, kanisani hakosi, na akikataa jambo limekataliwa. Nilipomwambia nataka kuoa Wambui alifurahi. Nilipoongeza kwamba kwao wanasali Jumamosi, ni Wayahudi, akaweka kikombe chini.

(Ndiyo, kuna Wakikuyu Wayahudi. Si wengi. Msianze kubishana huko chini.)

"Siwezi bariki watu sijaona," akasema. "Nipeleke niwaone."

Bahati nzuri Pasaka yao ilikuwa karibu, na baba yake Wambui akatualika kwake Kerugoya. Wambui akanionya: wakati wa Pasaka kwao hakuingii mkate wa kawaida wala kitu chochote chenye chachu. Wanafagia mpaka makombo ya mifukoni.

Nikamfikishia Cucu ujumbe, neno kwa neno.

Sasa wakuu, jaribuni kumwambia mama wa Giakanja aende kwa wakwe mikono mitupu. Niliona amebeba kiondo, kile kikapu chake cha kusuka. Akasema ndani ni sweta.

Tulipofika, mama yake Wambui akampokea kiondo mlangoni, akafunua leso. Mikate mitatu, pakiti ya unga wa ngano, na mandazi ambazo Cucu aliamka mapema kukaanga. Yaani hakukuwa na hata kitu kimoja kilichoruhusiwa.

Baba Wambui, mzee mpole sana, akaomba kwa heshima kiondo kirudi kwa gari.

Wambui akanitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu. Kwetu ukimrudishia mgeni mkate umemrudisha mgeni mwenyewe. Cucu alikaa mezani na mkoba wake juu ya magoti, tayari kuondoka, na nikajua harusi imeisha.

Mezani kulikuwa na mkate mwembamba, mkavu, majani machungu mabichi, na vikombe vya divai. Mzee akafungua kwa maneno yao ya kukaribisha: kila mwenye njaa aje ale.

Hapo Cucu akashindwa kujizuia.

"Ati mwenye njaa akuje akule? Na mkate yangu mbona imewachwa kwa gari?"

Wambui akafunga macho.

Mzee akacheka, tena kicheko cha furaha kabisa. "Cucu, hiyo ndiyo swali! Hii jioni yetu haiwezi endelea kama hakuna mtu ameuliza. Kila mwaka tunasukuma mtoto aulize mbona leo mkate ni hii. Leo umeuliza wewe."

Akamjibu yeye, sisi wengine tukisikiliza. Kwamba babu zao walikuwa watumwa Misri, na Mungu akawatoa kwa haraka hata unga haukungoja kuumuka. Kwamba kila mmoja wao, hata wa leo, anatakiwa ajione ni yeye mwenyewe aliyetoka.

"Na kama ni wewe ulitoka," mzee akasema, "huwezi kufanya mtu mwingine mtumwa. Na mgeni lazima umpende, juu wewe pia ulikuwa mgeni."

Cucu akachukua jani chungu. Akalitafuna polepole, kisha akaanza kuongea.

Wakati wa Emergency, ile hali ya hatari, mkoloni alipowafungia watu wetu vijijini, yeye alikuwa msichana mdogo. Nyumba yao ilichomwa githeri ikiwa bado jikoni. Mama yake akabeba chungu kikiwa moto mpaka huko kijijini. Huko mama alichimba mtaro kutwa nzima kwa lazima, na jioni walikula majani ya porini, machungu hivyo hivyo.

"Hii maneno sijawahi ambia mtu," akasema. "Si ati nilikuwa nimeficha. Hakuna mtu aliniuliza."

Wakuu, nimekula kwa mkono wa huyu mama maisha yangu yote. Nampenda kuliko ninavyoweza kuandika hapa. Na sikuwahi kumuuliza. Nililia pale pale mbele ya wakwe, sitawadanganya.

Wakati wa kurudi tulikula mandazi ndani ya gari, zimepoa lakini tamu. Tulipofika Karatina nikapata nguvu ya kuuliza amewaonaje wale watu.

"Dini yao ni yao, mimi niko na Yesu wangu," akasema. "Lakini oa hapo. Hapo watoto wako wataniuliza."

Nilichojifunza ni hiki. Nilidhani kukombolewa ni jambo lililotokea zamani likaisha. Wale wanaamini halijaisha mpaka mtu aulize na mwingine ajibu, kila mwaka, wakiwa na chakula mbele yao. Naona wako sawa.

Harusi ni Agosti. Uwanja ni wenu, semeni mnavyoona. Ila mwenye cucu aliye hai ampigie simu kwanza amuulize kitu, ndio arudi hapa kucomment.