Mishumaa Minne ya Etelka

Kwa miaka arobaini Etelka Somlai aliwasha mishumaa minne kila Siku ya Marehemu, na mume alikuwa naye mmoja tu. Mgeni angemdhania mambo. Pale Hollóbánya, mji wao wa mgodi wa makaa, hakuna aliyecheka, kwa sababu wenzake nao waliwasha minne minne: Borbála mke wa Ignác, Hedvig mke wa Lőrinc, na mama yake Balázs, kijana aliyekufa hata hajaoa. Wanawake wanne, makaburi manne, mishumaa kumi na sita, na hakuna aliyejua wake amelala katika lipi.

Huo ulikuwa werevu wa wakubwa wa mgodi. Mwaka 1969, mwezi wa pili, gesi ililipuka chini kwenye makaa ikaondoka na wanaume wanne wa zamu moja. Wakubwa walitaka kazi ianze tena Jumatatu. Kwa hiyo walizika alfajiri, bila jamaa, majeneza yamepigwa misumari, na wanawake wakaambiwa saa sita mchana kwamba mambo yamekwisha na poleni sana. Juu ya kila kaburi kikasimikwa kibao cha chuma chenye namba, moja upande wa lango hadi nne kwenye uzio. Majina yatafuata, walisema, uchunguzi ukimalizika. Uchunguzi haukumalizika. Orodha ikapotelea kabatini, ofisi ikafungwa, mgodi ukazibwa mdomo kwa zege, na waliotoa amri wakazikwa mmoja mmoja kwa majina yao kamili, na vyeo juu.

Mwaka ule wa kwanza Hedvig na mama yake Balázs nusura wang'oane nywele juu ya kaburi namba mbili, kila mmoja akiapa kwamba moyo umemwambia. Borbála, ambaye alikuwa na sauti ya kuamulia ugomvi, alisimama katikati yao. Akasema tangu siku hiyo hakuna kutafuta wala kuulizia. Kila mmoja awashe minne, na wafu wote wawe wa wote. Wakaapa. Etelka aliapa nao na kiapo akakishika, ingawa kati yao wote yeye ndiye aliyekuwa na kichwa cha kukivunja.

Maana Etelka alikuwa mtu wa mafumbo. Sisemi vitendawili vya kutegana. Nasema yale ya gazeti la kila Ijumaa, yenye jedwali: nyumba tano, wapangaji watano, kofia tano, na vidokezo vichache vya kukuonyesha nani si nani. Gáspár, mumewe, ndiye aliyemwanzisha. Enzi hizo Etelka alikuwa akigawa taa mgodini, na Gáspár kila akichukua taa yake dirishani alimwachia kipande cha gazeti kilichojazwa nusu, amalizie. Ndivyo walivyochumbiana, na wapo waliochumbiana kwa mabaya zaidi. Walipooana wakawa wanajaza pamoja mezani jikoni, bakuli la tambi za mbegu za popi katikati yao. Etelka alikuwa na pupa ya jibu. Gáspár alikuwa akimshika mkono wenye penseli.

"Acha kutafuta kilipo," alikuwa akimwambia. "Weka alama ya kosa kwanza pale kisipoweza kuwa. Kitakachobaki kitajileta chenyewe."

Walijaza hivyo miaka mitatu. Kisha ikaja ile gesi, na Etelka akaendelea kujaza peke yake, Ijumaa baada ya Ijumaa, mpaka nywele zikawa nyeupe. Mara mbili gazeti lilimpa zawadi, na mara zote mbili zawadi ilikuwa kinu cha kusagia kahawa. Akawa na vinu viwili na hana wa kumsagia.

Mama yake Balázs alitangulia, akafuata Hedvig. Borbála alikufa Agosti mwaka huu ninaousimulia. Mwezi wa tisa daktari naye akamwita Etelka ofisini, akafunga mlango, akazungumza naye habari za ini kwa upole ambao Etelka hakuupenda hata kidogo. Alipotoka pale alipitia kwa muuza kuni akaagiza nusu ya anazoagiza kila mwaka. Kisha akaenda makaburini kumwona Kornél.

Kornél ndiye msimamizi wa makaburi, mtu wa miaka arobaini na kitu ambaye Etelka alimwona akizaliwa. Kanuni zinaruhusu mke awekwe juu ya mumewe kaburi likishazeeka, na Kornél hakuwa mtu wa kumsumbua mtu.

"Mimi sina shida, mama," alisema. "Niambie tu namba ngapi. Siwezi kukuzika kwenye manne."

"Ungenikata vipande."

"Hicho hakimo kwenye kanuni."

Walicheka kidogo. Lakini Etelka alirudi nyumbani na moyo mzito. Kwa miaka arobaini alikuwa amelala upande mmoja wa kitanda, ule wa ukutani, kama vile mtu bado angeingia akitoka zamu ya pili. Alitaka kulala na mumewe. Hakutaka kuamka siku ya kiyama amelala na Ignác, mwanamume mwema lakini mtema mate. Na kiapo je? Alijiuliza hilo njia nzima. Wale alioapa nao walikuwa wamekwenda wote, na pengine sasa wanajua wenyewe bila jedwali. Alijiambia hivyo, ila hakujisikia msafi.

Siri ya mtungi muulize kata. Kati ya wanaume wanane waliozika alfajiri ile alibaki mmoja, mzee Vendel, aliyefanya kazi na Gáspár na sasa anafuga sungura nyuma ya nyumba za wachimbaji. Etelka alimkuta akiwakatia majani.

"Shemeji," alisema Vendel bila kuinua kichwa, "umekuja kununua sungura au kunichimba?"

"Sungura wako wamekonda."

"Basi umekuja kunichimba."

Alimmiminia pombe ya plamu, ishara ya kwamba atasema. Majina hawakuambiwa, alianza. Mnyapara alikuwa na orodha kifuani na koti limefungwa vifungo. Yeye mwenyewe hakubeba jeneza, alipewa koleo. Lakini macho alikuwa nayo. Aliona padri akiingizwa kwa siri kwa ajili ya Ignác, Mkatoliki pekee kati ya wale wanne. Padri alibariki kaburi moja tu, na lilikuwa upande wa lango. Lipi hasa hakumbuki, ila halikuwa zaidi ya la pili, kwa maana Vendel alisimama na koleo lake kati ya la pili na la tatu na padri hakumpita. Mwezi uleule padri akahamishwa. Aliona pia mkuu wa bendi ya mgodi, aliyekuja kumuaga Balázs mpiga tarumbeta. Mzee yule alidondosha kaburini mdomo wa tarumbeta la kijana, na aliporudi nyuma akayumba, wakamdaka. Angeenda kushoto angetumbukia shimo jingine, na angeenda kulia vilevile. Kabla ya majira ya kupukutika majani naye alikuwa amekufa.

Vendel akamkuna sungura masikio. Etelka alikuwa na mazoea ya kungoja, akangoja.

"La mwisho, shemeji, la kwenye uzio," alisema Vendel. "Lilikuja limebebwa na watu wawili. Mmoja anavuta sigara."

"Na mengine?"

"Sita sita, na wanahema." Aliweka glasi chini. "Mlikuwa na vifusi mle, na vipande vya mbao. Mmoja hawakumpata. Walichoka kumtafuta wakasema wote wanne wametoka, ili watu warudi kazini."

"Nani?"

"Sikuambiwa, na ninamshukuru Mungu sikuambiwa. Tulitia saini kwamba tutanyamaza, lakini si saini iliyonifunga mdomo. Mlipoanza kuwasha minne minne nilipata usingizi. Nikasema basi, hata yule wa kule chini anapata wake." Alimtazama kwa mara ya kwanza. "Kichwa changu si cha mafumbo, Etelka. Chako ndicho. Liache hili."

Etelka alimshukuru kwa pombe akaondoka.

Siku nne hakugusa penseli. Alipika supu ya maharage ikamshinda kula. Alijua vizuri kilichokuwa kikimtafuna, na si maradhi: alikuwa akiomba jeneza la vifusi liwe la mtu mwingine. Alimwombea Lőrinc. Hedvig, ambaye walikuwa wakisukana nywele na kuazimana chumvi, alikuwa amelala kwenye makaburi mapya umbali wa hatua mia, na Etelka alikaa jikoni akiomba mume wa Hedvig awe ndiye ambaye hakupatikana. Aliona aibu, tena aibu ya kweli, na akaendelea kuomba.

Ijumaa gazeti lilikuja. Aliliweka kando bila kulifungua, akachukua mgongo wa kalenda akachora jedwali lake mwenyewe. Upande wa kushoto aliandika majina manne. Juu, namba moja hadi nne.

Akaanza na yasiyowezekana, kama alivyofundishwa. Padri hakupita la pili, kwa hiyo Ignác si tatu wala nne: makosa mawili. Mkuu wa bendi alikuwa na shimo kushoto na shimo kulia, kwa hiyo Balázs hakuwa pembeni, si moja wala nne: makosa mawili mengine. Akatazama safu ya namba nne. Majina mawili yalikuwa yamekatwa, na mawili yalibaki wazi, Lőrinc na Gáspár. Nusu kwa nusu. Katika mafumbo ya gazeti hapo ndipo alipokuwa akijisikia vizuri kuliko popote.

Kidokezo kilichobaki alikuwa nacho kichwani siku zote, na hakukihitaji kwa mtu. Lőrinc alikuwa mrefu kuliko wanaume wote wa bonde lile. Taa yake, Etelka alikuwa akiinyosha juu dirishani kumpa. Seremala wa mgodi alipima majeneza yote manne kwa orodha ya sare za kazi, mashimo yakachimbwa kufuata majeneza, na kingo za zege zikamiminwa wiki ileile kufuata mashimo. Aliyekuwemo na asiyekuwemo, kila mmoja alichimbiwa kimo chake. Penye kingo ndefu ndipo penye jina la Lőrinc.

Alikata uzi wa kufumia akavaa koti. Ilikuwa saa nne asubuhi, mvua nyepesi, na makaburini hakukuwa na mtu. Alipima la kwanza akafunga fundo. La pili likafika palepale kwenye fundo. Magoti yalikuwa yakimuuma, na angeweza kulipima la tatu, lililokuwa karibu, lakini alilipita akaenda moja kwa moja kwenye uzio, kwa sababu alitaka mno liwe refu. Akanyosha uzi kichwani mpaka miguuni. Fundo likakaa sawasawa na ukingo, halikuzidi wala halikupungua.

Hata hivyo alirudi akapima la tatu, maana fumbo halimalizwi kwa kukisia. Lilizidi fundo kwa shibiri moja.

Lőrinc ni tatu. Balázs, akiwa hana tena tatu, ni mbili. Ignác, akiwa hana tena mbili, ni moja. Hakuhitaji kurudi nyumbani kwenye kalenda kuweka alama ya vema kwenye kisanduku kilichobaki. Kilikuwa kimejileta chenyewe, kama Gáspár alivyosema kingefanya. Wahenga walisema usilolijua ni usiku wa giza. Hawakutuambia la kufanya kukishakucha. Etelka alikaa kwenye ukingo wa namba nne, juu ya vifusi na mbao alivyoviwashia mishumaa tangu ujana wake, akalia hadi uzi ukalowa mkononi. Alimlilia Gáspár, aliyeachwa kule chini kwa sababu ya Jumatatu. Na alilia kwa sababu Borbála alikuwa na akili kuliko wao wote.

Siku ya Marehemu alikuja mapema mchana, kabla watu hawajajaa na maua yao. Aliwasha mshumaa kwenye la kwanza, la pili na la tatu. Wa nne alibaki nao mkononi. Kornél alikuwa akifagia majani, akamsogelea.

Etelka alitoa karatasi iliyokunjwa akampa. Iliandikwa kwa herufi za kuchapa, moja hadi nne, kila namba na jina lake kamili. Alimwambia awatafutie watu hawa vibao vya kweli, kwani wamengoja vya kutosha. Kornél alisoma polepole, midomo ikicheza.

"Kwa hiyo mzee Gáspár ni huyu wa kwenye uzio."

"Jina lake ndilo hilo. Niweke hapo."

"Sawa, mama. Hatutachimba sana, usijali. Tunaishia juu ya jeneza la kwanza, hatuligusi. Ndiyo desturi, tusimsumbue wa chini."

Etelka alikitazama kibao cha chuma, ile namba nne iliyoliwa na kutu.

"Chimba mpaka chini kabisa, Kornél," alisema. "Hutamsumbua mtu."

Kisha akautia mshumaa wa nne mfukoni pamoja na kiberiti, akatoka kwa lango la nyuma, lile linaloelekea kwenye mdomo wa mgodi.