Mayai ya Mtani

Baba yangu aliishi sehemu kubwa ya umri wake akiitwa mwongo, na aliyemwita hivyo ni rafiki yake wa chanda na pete.

Kisa chenyewe ni kifupi. Ujanani Baba alikuwa utingo wa lori, akafika kusini, kwenye milima ya volkano ya Rungwe. Huko msituni, alisema, alikula mayai yaliyoiva ndani ya maji yanayochemka yenyewe ardhini, bila kuni wala moto. Nyumbani Tabora nani angemwamini? Aliyecheka kuliko wote ni rafiki huyo, jirani yetu Mzaramo, mstaafu wa reli. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakibeba pembe za ndovu mpaka pwani, na mtani ana ruhusa ya kusema lolote, hata msibani. Hapo ndipo palipomkera Baba. Mtani alikuwa ameahidi kwamba siku ya maziko ataweka mayai mabichi kwenye sufuria ya maji baridi kando ya kaburi, awaambie waombolezaji wasubiri yaive.

"Atafanya kweli," Baba aliniambia siku moja, na hakuwa anacheka. "Nitazikwa mwongo, mwanangu."

Mimi nina gari dogo na hasira za karibu. Nikasema haya yaishe. Niliwapakia wazee wote wawili, tukashika njia ya Sikonge kwenda Mbeya. Mayai alinunua Mtani mwenyewe, akayapakata njia nzima, na tulipolala Mbeya akalala nayo, asije Baba akayabadilisha na ya kuchemsha. Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Kesho yake tuliacha gari kijijini, tukapanda kwa miguu kwenye msitu wenye ukungu na udongo mweusi.

"Mpagazi ni nani hapa?" Mtani aliuliza, akimkabidhi Baba kikapu. Baba akakitwika kichwani, akatangulia. Sijawahi kumwona akitembea kwa haraka vile.

Tukafika kwenye kidimbwi. Baba akakitambua, akatumbukiza yai moja ndani ya kifuko cha wavu alichokuja nacho. Tukangoja. Mtani alipolipasua, ute ulimmwagikia vidoleni ukiwa mbichi kabisa. Alicheka hadi akakaa chini. Baba alitia mkono majini. Yalikuwa vuguvugu tu. Alisimama pale akiutazama mkono wake uliolowa, na mimi moyo ukaniuma, nikajuta kumleta.

Mama mmoja aliyekuwa akifua pembeni alituonea huruma. Alisema kijito kilihama masika, sasa kinamwaga maji baridi kwenye kidimbwi hicho. "Pandeni juu kidogo, nyuma ya mawe. Ila msikanyage ovyo, mtaungua."

Tulisikia harufu kwanza. Kisha mvuke, kisha maji yenyewe yakitokota kama sufuria ya ugali kabla ya kutiwa unga. Baba alishusha wavu wenye mayai kwa kamba. Safari hii Mtani alipomenya yai, lilitoka jeupe, gumu, limeiva mpaka kiini. Alilila bila chumvi. Akala na la pili.

"Umenidhulumu," alisema. "Siku yako nitawachekesha watu kwa lipi?"

Baba alicheka, akavua viatu, akaloweka miguu kule chini kwenye kidimbwi cha vuguvugu, akaimba karibu nyimbo zote anazozijua. Nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu.

Tuliporudi Tabora majirani walijaa uani. Mtani, kwa kuwa ni mtu wa haki, alisimama akatoa ushahidi: maji yanachemka, mayai yanaiva, ameyala. Wakamcheka yeye. Mmoja akamuuliza Mnyamwezi amemlisha dawa gani. Mtani akamgeukia Baba. "Waambie, mtani."

Baba alijikuna sikio.

"Mayai?" alisema. "Mimi nakumbuka tulikula ndizi."

Kicheko kililipuka. Mtani alimtazama, akaelewa zawadi aliyopewa, kwamba amerudishiwa utani wake wa mazikoni, na machozi yakamlengalenga.

"Mwongo mkubwa wewe," alisema.

"Naam, mtani," Baba akaitikia, uso wote ukimng'aa.