Tela Iliyotembea Bila Upepo

Karakana nzima ilimwita Sikio. Kwa miaka ishirini na sita fundi huyo wa breki alikuwa akipita kando ya tela iliyosimama, ameinama kama jirani anayesikiliza umbea ukutani, kisha ananyoosha kidole: "Hapo." Na hapo ndipo upepo wa breki ulipokuwa unavuja.

Ambacho karakana haikujua ni kwamba sikio lake la kulia lilikwisha kufa tangu mwaka jana, na la kushoto lilikuwa linaaga kidogo kidogo. Mkewe alidhani ni ujeuri. "Mbona ukiitwa chakula unasikia?" alimwuliza.

Asubuhi hiyo shemeji yake, mdogo wa mkewe, alikuwa anaanza safari ya kwanza na tela kubwa. Miaka tisa alikuwa amevuta tela ndogo za mifugo, zenye breki za mafuta. Cheti cha magari makubwa alikuwa nacho. Mazoea hakuwa nayo. Sikio mwenyewe ndiye aliyembembeleza meneja amchukue.

Alipoingia getini, Sikio aliona tela ikirudishwa nyuma taratibu kuelekea jukwaa la kupakilia. Hosi za upepo zilikuwa bado zimeviringishwa nyuma ya kichwa cha gari, hazijaunganishwa. Alisimama kama aliyeona maiti ikipiga chafya.

"Simamisha! Wewe, simamisha!"

Shemeji akashuka akitabasamu. "Umelala sana leo, shemeji. Nimeshakupunguzia kazi. Nimekuta magurudumu yameng'ang'ania kama kupe. Nikasema breki zimeganda, nikazilegeza."

"Umezilegezaje?"

"Si zile bolti zinazokaa ubavuni mwa boosta, yale makopo ya breki? Unachomeka nyuma, unakaza nati, gurudumu linaachia lenyewe."

"Boosta ngapi?"

"Zote nne. Mimi si mvivu."

Sikio akaketi juu ya tairi kuukuu. "Kaa hapa. Tela zako za mafuta, unakanyaga, mafuta yanasukuma, breki inashika. Mafuta yakimwagika, huna breki. Kweli si kweli?"

"Kweli."

"Hii ni kinyume. Ndani ya kila boosta kati ya hizo kuna springi nene, na kazi yake ni kubana tu. Upepo ndio unaoizuia. Upepo ukiisha, springi inafyatuka, tela inasimama papo hapo. Haikuganda, bwana. Ilikuwa inafanya kazi yake."

"Na bolti?"

"Bolti ni pingu. Umeifunga springi. Hosi ingepasuka kwenye mteremko, tela ingekusukuma mpaka chini, wewe ukipiga honi."

Shemeji akatazama viganja vyake. Kisha akauliza polepole, "Sasa upepo uliishaje? Jana jioni si wewe uliyeikagua?"

Swali hilo Sikio alilisikia barabara, licha ya ubovu wa masikio.

Meneja, mama mmoja mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa uzi, alikuwa ameshatoka ofisini kwa zile kelele. Aliziona bolti kabla hajaambiwa. "Nani kafanya hivi?"

"Mimi, bosi," alisema shemeji.

"Dereva asiyejua springi ni nini hapiti getini kwangu. Si leo, si kesho."

Shemeji akainamisha kichwa. Habari ya ukaguzi wa jana hakuitaja. Sikio alingoja aitaje, hakuitaja. Kunyamaza kungekuwa rahisi: mkewe angenuna wiki mbili, shemeji angerudi kwenye mifugo, na jina la karakanani lingebaki pale pale.

"Bosi," alisema, "bolti kakaza yeye. Lakini tela ilijifunga kwa sababu upepo ulivuja usiku kucha, na mimi jana nilisema haivuji. Sikusikia. Sisikii tangu mwaka jana."

"Husikii?"

"Naam?" Sikio akaweka kiganja sikioni, na hakuna aliyejua kama ni mzaha.

Meneja hakucheka. "Na tela zote ulizonipitishia tangu wakati huo?"

"Zirudi, moja moja. Tuzipake povu la sabuni."

"Zitarudi. Na kuanzia leo husaini peke yako, mzee."

Hilo lilimchoma, lakini aliitikia kwa kichwa.

Wakaunganisha hosi, wakajaza upepo, wakazifungua bolti na kuzirudisha ubavuni mwa boosta. Shemeji akaleta ndoo na brashi. Kwenye shingo ya paipu ya boosta ya tatu povu likavimba kama jicho la chura.

"Inalia sss, shemeji. Kama nyoka mdogo."

"Nyoka wako simsikii. Povu naliona."

Paipu ilipobadilishwa, wakautoa upepo wote makusudi. Sikio akaweka kiganja kwenye boosta na kungoja, mpaka chuma kikashtuka mkononi mwake. Shemeji akajaribu kuivuta tela. Haikusogea hata inchi.

Meneja akamwita dereva. "Nieleze springi." Akaeleza yote, akataja na pingu. "Jaza upepo, uende," alisema meneja.

Jioni, nyumbani, Sikio alimwambia mkewe, "Kuanzia leo ukiniita, nishike bega."

Mkewe akamgeukia. "Kumbe," alisema. Kisha, "Na chakula je?"

"Hicho usihangaike. Kina harufu."