Ukanda wa Gari la Mwalimu Kamene

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya Kibwezi, Foreman hakunipa nyundo. Alinipeleka kwenye mlango wa pikapu uliobonyea, akaniambia nifumbe macho nipitishe kiganja.

"Unasikia nini?"

"Bonde, bosi."

"Na kando ya bonde?"

Nikapapasa tena. "Kuna kilima kidogo."

"Basi anza na hicho kilima. Bati likigongwa halipotei, linahama tu. Lirudishe polepole."

Ndivyo nilivyoingia katika kazi ya kunyoosha bodi za magari. Nilijifunza kushika doli, kile chuma kizito kinachoegemezwa nyuma ya bati huku nyundo ikigonga mbele. Baadaye nikahamia Mtito Andei, ambako malori yalituletea kabini zilizokunjamana, na Meneja wa huko alitaka kila kitu kiishe upesi. Nilimalizia utumishi wangu Kitui mjini chini ya Msimamizi wa Karakana, mama mkali aliyekagua kazi asubuhi tu, kwa sababu jua la pembeni halifichi kasoro.

Nilistaafu mikono ikiwa imeanza kutetemeka. Nikajenga kibanda cha zana nyumbani, eneo la Kwa Vonza, nikidhani sasa nitanyoosha majembe na masufuria.

Ndipo akaja Mwalimu Kamene, jirani yetu mjane, akiendesha gari la zamani la Kifaransa aliloachiwa na mumewe. Upepo ulikuwa umelisukumia geti, na ule ukanda wa alumini unaong'aa ubavuni ukabonyea vibaya.

"Mjini wameniambia ning'oe kanda zote, nizibe matundu, nipake rangi," alisema. "Lakini marehemu alikuwa akizipangusa kila Jumamosi kwa ajili ya kanisa. Jumamosi hii nampeleka binti yetu Ndinda akaolewe. Nataka apande gari la baba yake vile lilivyokuwa."

"Mwalimu, alumini ya zamani ni kavu. Ukanda huu ukipasuka, hatutapata mwingine."

"Najua. Ndiyo maana nimeuleta kwako."

Nilibandua ukanda kwa kabari ya mbao ili nisikwaruze rangi. Nikapaka sabuni ya kipande upande wa nyuma, nikapitisha moto mdogo wa gesi mpaka sabuni ikageuka kahawia. Hiyo ndiyo dalili kwamba alumini imelegea. Ukizidisha hapo, inayeyuka. Kisha nikachonga mtaro kwenye mbao, wenye umbo la ukanda wenyewe, nikaulaza humo kifudifudi.

Nikainua nyundo ndogo. Mkono ukatetemeka, nikaishusha. Nikajaribu tena, ikawa vilevile.

Mke wangu Mbithe alikuwa akichambua pojo mlangoni. Aliweka ungo chini, akaja akaushika ukanda kwa mikono miwili, kisha akaegemeza kiwiko changu kwenye bega lake.

"Piga," akasema. "Mimi sitikisiki."

Nikagonga kuanzia ukingoni nikielekea katikati, kidogo kidogo, nikipapasa kila mara. Mkunjo mmoja mkali ulikataa. Mbithe alinisikia nikishusha pumzi.

"Tupumzike, Baba Mutua. Harusi si leo."

Tukanywa chai. Tuliporudi, nikapasha moto tena, na mkunjo ukakubali. Nikausawazisha kwa tupa laini, nikafuata kwa msasa wa maji, mwisho dawa ya kung'arisha na kitambaa cha fulana kuukuu, kisha nikaurudisha ukanda ubavuni mwa gari.

Mwalimu Kamene alipokuja kulichukua gari, alipitisha kidole ubavuni kutoka taa hadi taa, akarudia.

"Palibonyea wapi, Mzee?"

Wakubwa wangu wote walinisifu kwa namna zao, lakini hakuna aliyewahi kuniuliza swali tamu kama hilo. Nikainama nimwonyeshe. Nikaweka kidole mahali, nikakiondoa, nikakiweka pengine.

"Hapo sipo," Mbithe akasema, akicheka. Naye akainama kutafuta, na yeye pia hakupaona.