Aliyeuliza Upepo Unatoka Wapi

Siku ile sikuwa nimekunywa, sikuwa na homa, na wala haukuwa usiku. Naanza na hayo kwa sababu ndiyo watu wanayoniuliza kwanza. Ilikuwa alasiri, hapahapa Rungwe, na niliyoyaona niliyaona kwa macho haya. Anayetaka kucheka acheke. Mdogo wangu Subi yuko hai, naye ndiye ushahidi wangu.

Ilikuwa miaka ya ruksa, maduka ya Tukuyu yalipoanza tena kujaa sabuni na mitumba ikaanza kuingia kwa marobota. Baba na mama walikuwa wameshatangulia. Mimi ndiye mkubwa, niliacha shule darasa la tano nikawalea wadogo zangu. Nilikuwa nauza masweta ya mitumba sokoni Isongole, maana kule juu ni baridi na wakulima wa viazi hawakosi kununua. Subi, kitinda mimba, alikuwa na miaka minne. Nilikwenda naye mgongoni kila mahali.

Siku ile aliamka mzima. Kufika mchana mwili ukachemka, akaanza kuhema kama kifaranga kilichonyeshewa. Nikakunja biashara.

"Unaondoka na ukungu huu?" akaniuliza mama mmoja muuza viazi. "Utakutana na Bwana Upepo wewe!"

"Nikikutana naye nitamuuzia sweta."

"Thubutu! Yule hanunui. Anauliza tu, kama wateja wako wote."

Wakacheka, nami nikacheka. Bwana Upepo tulimjua sote kwa kusimuliwa. Ni mtu aliyevaa ovaroli la kijani, anayetokea kwenye ukungu na kuuliza swali moja tu: upepo unatoka wapi? Kila aliyeulizwa alikimbia. Fundi cherehani mmoja wa pale mjini, ambaye kwao ni Kilwa, alikimbia akaacha baiskeli na kofia. Baiskeli aliifuata kesho yake na wenzake. Kofia akasema basi, abaki nayo.

Mimi niliona ni maneno ya kutishia watoto.

Nikakata njia ya mkato ya kushukia Lufingo, ile inayopita pembeni mwa msitu wa mlima. Ukungu wa kwetu, kwa asiyeujua, nimwelezeje? Unanyoosha mkono, vidole huvioni. Njia ikanipotea katikati ya nyasi ndefu. Niliita, hakuna aliyeitika. Kisha Subi akanyamaza, na hilo ndilo lililonitisha. Mtoto anayelia ana nguvu, si ndiyo? Akinyamaza na bado anachemka, hapo omba Mungu. Nikaanza kukimbia bila kujua ninakokwenda.

"Simama hapohapo, dada. Mbele yako hakuna ardhi."

Nikasimama. Nikasukuma jiwe kwa kidole cha mguu. Likaondoka, likakaa kimya muda mrefu, halafu chini sana nikasikia maji.

Nilipogeuka nilimwona. Kijana mrefu, ovaroli la kijani, mkono mmoja wa nguo umeungua hadi kwenye kiwiko. Kwapani amebana kofia kubwa ngumu, kama mtu anayepeleka kuku sokoni. Alinuka mafuta yaliyoungua. Uso wake ulikuwa mzuri na umechoka.

"Samahani," akasema. "Upepo unatoka wapi?"

Wewe ungekimbia? Ukimbilie wapi? Mbele genge, nyuma yeye, mgongoni mtoto.

"Kwani wewe huusikii?" nikamuuliza. Ujasiri ule sijui niliutoa wapi.

"Nausikia pande zote, ndiyo taabu yangu. Na pua imejaa moshi mmoja tu tangu siku ile. Nikiuliza watu, wanakimbia."

"Basi ngoja."

Nikafumba macho, nikainua uso. Kwanza sikupata kitu. Halafu shavu la kushoto likapata ubaridi, na ubaridi ukaja na harufu ya majani ya mgomba yanayoungua, mabichi, ule moshi mzito unaowasha koo.

"Unatoka huku," nikamwonyesha. "Una moshi wa majani ya mgomba."

"Makavu?"

"Mabichi."

Niamini, uso wake uliwaka kama wa mtoto aliyesikia chungu kinaepuliwa.

"Basi mama amewasha," akasema. Akavaa kofia yake, akaukabili upepo. "Nifuate, dada. Kanyaga ninapokanyaga."

Nikamfuata. Nyasi alizokanyaga hazikulala. Niliona hilo mara moja, sikutazama tena.

Ikatokea migomba, kisha ua uliofagiwa. Katikati ya ua palikuwa na moto wa moshi mtupu, na bibi mmoja ameketi kwenye kigoda anaupepea kwa ungo. Yule kijana akanigeukia. "Ndaga fijo," akanishukuru kwa lugha ya kwetu, akatangulia kuingia uani.

Hapo ndipo moshi uliokuwa ukipanda ulipogandamizwa hadi chini, ukasambaa pande zote. Majani ya migomba yakapigapiga kama yanataka kung'oka. Kanga yangu ikaruka kichwani. Na yote hayo bila sauti, hata ya nzi! Kisha pakatulia. Uani tulikuwa watatu tu: mimi, Subi na yule bibi, ungo magotini.

"Ametua," akasema.

Hakulia. Alimwona mtoto, akamfungua mgongoni kwangu kabla hata ya kuniuliza jina. Usiku kucha alimkanda na kumnywesha maji ya vuguvugu kijiko kwa kijiko. Alfajiri jirani yake akatupakia kwenye baiskeli hadi hospitali. Nimonia. Subi akachomwa sindano, siku ya tatu akaomba ndizi.

Niliporudi kumshukuru, bibi alinionyesha nishani kwenye kisanduku chenye kitambaa chekundu. Mwanawe, Lusajo, alikuwa rubani wa helikopta jeshini. Katika vita vya Kagera alikuwa akiingia palipokuwa na risasi kuchukua majeruhi. Alikwenda mara mbili, akarudi. Mara ya tatu wakubwa wakamwambia inatosha. Akasema wapo waliobaki, akaondoka. Helikopta ilipigwa ikiwa inainuka, imejaa watu. Akaishusha, akabaki ameshika usukani isilale ubavu, moto ukipanda, mpaka majeruhi wa mwisho akavutwa nje. Huyo wa mwisho ndiye aliyekuja kwa mkongojo kumsimulia mama yake.

"Nishani waliniletea," bibi akasema. "Mtoto hawakuniletea."

"Na moshi, mama?"

"Aliniambia mwenyewe, akiwa bado mafunzoni: 'Mama, siku nikija na ndege yangu, washa majani mabichi uani. Nikijua upepo unatoka wapi nitatua vizuri, nisije nikakubomolea nyumba.' Siku ya jua ataiona nyumba, mwanangu. Siku ya ukungu je?"

Majirani walidhani amechanganyikiwa, kuwasha kila ukungu unaposhuka. Baada ya siku ile hakuwasha tena. Alituchukua sote kuwa wajukuu zake, tukahamia kwake, na tulipomzika alikuwa mzee aliyeshiba siku. Nishani iko ukutani kwetu. Na Bwana Upepo hajaonekana tena na mtu yeyote, kaulize Isongole.

Mimi limenibakia jambo moja. Tangu alasiri ile sisikii harufu ya moshi. Wa kuni, wa mafuta, wa nyasi, wowote ule. Daktari ameangalia pua, haoni kitu.

Kwa hiyo wewe unayepita njia zetu wakati wa ukungu, nakuonya. Mtu akikuuliza swali, mtazame kwanza, usikimbie. Mjibu kweli, maana huenda ndicho kitu pekee alichokosa. Lakini ujue kuwa ukimpa mtu wa namna ile, ulichompa hakirudi.

Mimi sidai. Maharage yakiungua jikoni, Subi hunipigia kelele kutoka nje: "Dada! Sufuria!" Naiepua taratibu, nikimsikiliza anavyogomba.