Mama wa samaki ameniita mwanangu

Jamani, hebu nisikieni.

Leo nimetoka Tarime na basi, peke yangu, nije nilione ziwa.
Kaka niliyekaa naye siti moja, mpole kweli, akaniuliza nani ananipokea Mwanza.
Nikamwambia hakuna. (Najua, msinigombeze.)

Sasa niko ufukweni napiga picha, nageuka, yule kaka yuko nyuma yangu. Anatabasamu tu.

Mara mama anayekaanga sato akapaza sauti: "We mwanangu, baba yako kakusubiri mpaka kachoka!"

Simjui. Nikamkimbilia.
"Shikamoo, mama."
"Marahaba. Kaa hapa, usimwangalie."

Kaka akaondoka taratibu.

Mama akaninong'oneza: "Juzi kaondoka na binti hapohapo. Jana ndugu za huyo binti wamekuja na picha yake, wanamtafuta."

Bado nimekaa kwake. Nani yuko Mwanza aje anichukue?