Mpimaji wa Maji Taka Atafuta Mgonjwa

Mpimaji wa maji taka hunawa mikono kama anayejiandaa kumpasua mtu: kucha, viganja, katikati ya vidole, mpaka mashemeji wanaosubiri kula wanaguna. Akitoka chooni hurudi kuhakikisha amefunga kifuniko kabla ya kuvuta maji, ingawa maji keshayavuta. "Mimi ni mpiga ramli," husema, "ila ramli yangu inanuka." Juzi sampuli aliyochota kwenye chemba ya maji taka ya jengo wanamoishi ilijaa virusi vya kuhara, na Jumamosi binti yake alikuwa amlete mjukuu mchanga ambaye babu bado hajambeba. Akapita mlango kwa mlango na daftari, akiuliza kwa adabu ni nani tumbo linamsumbua. Wote walikana. Jirani wa ghorofa ya chini akamtazama. "Na wewe, mzee? Bomba la choo chenu linapita ukutani kwangu. Tangu alfajiri nimehesabu maji yakivutwa mara sita." Mpimaji, ambaye siku nzima alikuwa akikilaumu kiporo kwa tumbo lake, alifunga daftari taratibu, akampigia binti yake.

"Msije, mwanangu. Mgonjwa nimempata."

"Nani, baba?"

"Mtu wa hapahapa. Mbishi kweli. Nimemfungia ndani, nami nimebaki kumlinda."